Ndengu Zilizosubiri Ghala

Kila jioni Kanyiva alipotoka shuleni alivua viatu, akakung'uta vumbi la njia ya Ikutha, kisha akaketi na nyanya yake kupepeta ndengu. Walikuwa wawili tu nyumbani. Mama yake alikuwa Mombasa akitafuta kazi, na simu yake ilikuwa kimya tangu Krismasi.

Ndengu hizo ndizo zilizokuwa chakula chao chote cha mwaka. Susu, kama Kanyiva alivyomwita nyanya yake, huzichanganya na majivu laini ya mekoni ili wadudu wasiingie. Baadaye huuza kidogo kidogo kwa Tima, mfanyabiashara wa nafaka sokoni, akanunua mahindi ya kuwafikisha hadi mvua ya Novemba.

Mwaka huo wa uchaguzi mavuno yalikutana na kampeni. Jumamosi moja Kanyiva na rafiki yake Mutanu walikwenda sokoni kusikiliza. Chama cha Ufunguo kilisema mfanyabiashara aachwe afanye kazi yake: ushuru wa soko upunguzwe, barabara itengenezwe, na wanunuzi watakuja wengi hadi mlangoni kwa mkulima. Chama cha Nyungu kilisema mwananchi wa kawaida ananyonywa na madalali, kwa hiyo serikali itajenga ghala Ikutha na kununua ndengu kwa bei moja iliyopangwa. Ndengu ziwe safi, alisema msemaji, bila majivu. Akaongeza kwa sauti ya chini kidogo kwamba hayo ni wakishinda, na pesa zikipitishwa.

Mutanu alipata fulana za vyama vyote viwili. "Moja ya kulalia, nyingine ya kudekia," alimwambia Kanyiva, "na sitakuambia ipi ni ipi."

Nyumbani, Susu aliuliza kilichosemwa.

"Serikali inajenga ghala, Susu. Watanunua kwa bei nzuri, lakini hawataki zenye majivu."

Yale maneno ya mwisho ya msemaji aliyameza. Alikuwa amemwona Susu akibembeleza bei mbele ya Tima kama mtoto anayeomba andazi, na alitaka sana jambo lile liishe. Basi Susu akafunga magunia bila majivu. Tima alipotuma mtu kuuliza kama wanauza, akajibiwa kwamba wanasubiri ghala.

Walisubiri Machi, wakasubiri Aprili. Unga ulipokwisha, Susu alifungua gunia la kwanza ili apike. Mkono wake ulitoka na vumbi jeupe, na wadudu wadogo wa kahawia wakamtambalia hadi kwenye kiwiko. La pili lilikuwa vivyo hivyo. La tatu hakulifungua. Aliliwekea sikio tu, akasikia wakitafuna ndani kama mvua nyepesi, akaketi chini.

"Hilo ghala," aliuliza hatimaye, "walisema litajengwa lini?"

Kanyiva alilia kwanza. Kisha akasema yote, pamoja na yale aliyoyameza. Susu hakumpiga wala hakumkemea. Aliinuka akayafunga tena magunia, na hilo lilimuuma Kanyiva kuliko fimbo.

Wiki hiyo Chama cha Nyungu kilirudi sokoni. Susu alijikongoja hadi mbele, akauliza waliovuna mwaka huu wafanye nini. Msemaji akamwita mama yetu mpendwa, akamwambia awachague kwanza. Chama cha Ufunguo kilipofika, akauliza nani atamzuia mnunuzi kujipangia bei mwenye shamba akiwa na njaa. Wakamwambia soko litajisawazisha lenyewe, kisha wakafungulia muziki.

Iliwabidi waende kwa Tima na punda wa kuazima. Tima alichota ndengu kwa kiganja, akazipuliza, yakapeperuka maganda matupu.

"Susu, hizi ni chakula cha kuku."

"Najua, Tima. Nipe cha kuku."

"Mimi nitapigia Ufunguo kura, sikufichi," Tima alisema. "Ushuru unaniua. Lakini nikinunua hizi kwa bei ya zile nzima, kesho nafunga duka." Akawapa unga, si mwingi. Zile chache zilizobaki nzima aliwarudishia wazihifadhi ziwe mbegu. Kwa hesabu yoyote, unga ule haungefika hata Julai.

Njiani, Kanyiva aliuliza ni chama gani basi kilichosema kweli.

"Kimoja kinatazama duka la Tima, kingine kinasema kinatutazama sisi," Susu alijibu. "Huenda kila kimoja kina kweli yake. Lakini ahadi si kitu kilichokwisha kufanywa. Mtu akikuahidi, muulize lini, na pesa zitatoka wapi. Na wewe ukitumwa kusikia, niletee yote, hata lile usilolipenda. Nusu uliyoniletea ndiyo iliyofunga yale magunia."

"Nisamehe, Susu."

"Nimekusamehe. Njaa ndiyo haijui msamaha."

Kuanzia siku hiyo walikula mara moja kwa siku, jioni, ili usingizi uje. Agosti ilipofika, Susu alipiga foleni tangu alfajiri, akapiga kura, akarudi nyumbani bila kusema amemchagua nani. Kanyiva alimpokea kwa kikombe cha maji ya moto, kwa kuwa majani ya chai hayakuwapo.