Ferista Asimame Nyuma

Mwaka 1953 lori la kampuni ya santuri lilisimama katikati ya soko la Tunduma, likaziba njia. Ferista, gauni la maua mwilini na sinia la karanga kichwani, akajikwaa.

"We kaka! Kamba zako zitanivunja miguu."

"Si kamba, dada. Ni waya. Ukikatika, nafukuzwa kazi."

"Basi ungeupitisha kwingine, fundi mzima!"

Amoni akacheka. Alikuwa Mndali wa Isongole. Alianza kwa kubeba betri huko Rhodesia ya Kaskazini, na baada ya miaka sita akaachiwa mashine yenyewe ya kurekodi. Wiki nzima alirekodi wapiga magitaa, na kila jioni alinunua karanga za Ferista ambazo wala hakuzila.

Siku Ferista alipokuja kuimba na wenzake, Amoni alimwambia asimame nyuma kabisa, ukutani. Wenzake wakamcheka. Ferista aliimba, kisha akaondoka bila kuaga. Amoni akamkimbilia.

"Mpenzi, umenuna?"

"Unanitenga mbele ya watu kama mwenye upele!"

"Kipaza sauti ni kimoja, na sauti yako inawafunika wote. Ukikisogelea, wengine hawasikiki. Njoo usikie."

Akamrudisha kwenye lori, akamvika visikilizio masikioni. Ferista akakaa chini.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Basi nioe, usinirekodi tu. Jumapili wajomba wa Hezron wanakuja kwa baba kumposea. Mshenga wako atangulie."

Ndugu za Amoni walikuwa Isongole, siku mbili kwa miguu. Akaomba ruhusa kwa msimamizi.

"Kesho tunavuka mpaka," msimamizi akasema. "Ukienda kwenu, baki huko huko."

Jioni akaenda mwenyewe kwa baba yake Ferista, Mzee Mika, ambaye alimkaribisha togwa.

"Sina ubaya na wewe, mwanangu. Lakini nitamtoaje binti kwa mtu asiye na hata mjomba wa kumsemea?"

Asubuhi Ferista alimkuta Amoni akipakia.

"Acha kazi, tubaki."

"Nikiacha, tutakula nini? Baba yako atanipokea?"

Ferista akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya.

"Hapana," akasema.

Lori likaondoka. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na Amoni alikaa nyuma akiwa ameipakata mashine isigongwe. Ferista akapunga mkono. Amoni akamtazama tu, mikono yote miwili imeikumbatia mashine.