Kilima cha Omena

Kila Jumatatu Filister alinunua omena, dagaa wa ziwani, huko Kendu Bay: gorogoro ishirini, ile mikebe ya kupimia. Kila Jumanne aliiuza soko la Oyugis. Na kila Jumanne jioni alirudi nyumbani amefura, maana mtaji, yaani pesa za kununulia tena, haukutosha.

"Omena yangu inaibwa!" alimfokea mumewe, Maurice. "Nanunua gorogoro ishirini, sokoni zinatoka kumi na sita. Nne unampelekea mama yako!"

"Mama Terry, koma! Mama yangu mtoe kinywani mwako."

"Sikomi! Mtaji ukiisha, watoto watakula nini?"

Jamani, kelele hizo! Jirani yao Nyanchoka, muuza mahindi, hakuvumilia. Aliingia na kikapu chake.

"Filister, ufuoni wanakupimiaje?"

"Wanapitisha kijiti juu ya gorogoro, zzzp! Wachoyo wale."

"Na wewe wateja unawapimiaje? Nionyeshe na haya mahindi."

Filister akajaza gorogoro. Akaongeza kiganja, akaongeza kingine, mpaka kikasimama kilima. Nyanchoka akakiangusha kwenye sinia.

"Vilima vinne hivi ni gorogoro nzima. Wewe umetoa vilima kumi na sita, gorogoro nne. Mwizi wako ni mkono wako!"

Uso wa Filister uliwaka. "Bila nyongeza wateja watanikimbia!"

"Basi wauzie hiyo nyongeza! Si umeinunua? Gorogoro ishirini kwa thelathini ni mia sita. Nauli sitini. Gharama yako mia sita na sitini. Umeuza kumi na sita kwa arobaini, mia sita na arobaini. Umewalipa watu shilingi ishirini wale omena yako!"

Maurice alitoka nje bila kumtazama.

Jumanne iliyofuata Filister alikwenda sokoni na kijiti. Gorogoro ya kijiti, arobaini. Ya kilima, hamsini.

"Yawa! Umekuwa mchoyo hivi?" mteja wake Helen alifoka.

"Nimekulisha bure mwaka mzima, hukuniita mkarimu!" Filister alimjibu. Helen alisonya, lakini akalipa hamsini.

Soko lilipoisha Filister alitenga kwanza mtaji na nauli. Zikabaki mia moja na arobaini. Hiyo ndiyo faida.

Nyumbani Maurice bado alikuwa amenuna. Filister akamwekea ugali, na omena iliyosimama kilima.

"Nisamehe, Baba Terry. Mama yako nimempelekea gorogoro yake nikitoka sokoni."

"Umeanza tena kugawa?"

"Nimeinunua kwa faida," alisema Filister. "Mtaji sijaugusa."