Ndimu Mara Mbili

"Ni arobaini!"

"Ishirini, Simioni, nimeandika ish—"

"Umeandika, hujahesabu! Mimi ndiye niliyepiga makofi ya kuhesabu muda, Kezia. Makofi arobaini, bonge la magadi likaisha ndani ya ndimu. Tukaweka bonge lingine, maji ya ndimu mara mbili. Arobaini tena!"

"Punguza sauti basi."

"Sipunguzi. Uongo fanya peke yako."

Simioni akachukua daftari lake akatoka. Kezia akabaki na vikombe viwili na darasa tupu. Tangu yeye na wazazi wake wahamishwe kutoka Mbalibali kuja kijiji cha ujamaa hapa Kisaka, miezi mitatu sasa, ni Simioni tu aliyekubali kukaa naye dawati moja. Bhoke, kiranja wao, humpita kama anapita nguzo.

Mwalimu Nyangwine aliwaambia watoe maelezo ya kitakachotokea ndimu ikiongezwa mara mbili, kisha wapime kama yanakubaliana na mwendo wa magadi yenyewe. Kezia alieleza hivi: shamba la kijiji, watu wakiwa mara mbili, kazi huisha kwa nusu ya muda. Ndimu nayo hivyo hivyo. Maelezo matamu! Namba ikakataa, naye akaisahihisha namba.

Akakaa, akasikiliza wenzake wakicheza nje. Mwishowe akainuka kwenda ofisini.

"Shikamoo mwalimu. Ile ishirini nimeitunga. Ni arobaini."

"Marahaba." Mwalimu hakugusa fimbo. "Shambani wako watu arobaini, majembe matano. Wanalima wangapi?"

"Watano."

"Na wengine?"

"Wanapiga soga!" Simioni akadakia dirishani. Kumbe alikuwa amemfuata.

Mwalimu akacheka. "Ndimu iliyozidi nayo inapiga soga. Inakula bonge kwa nje tu, ndani haifiki. Hebu lisageni."

Wakasaga bonge jingine, wakamimina ndimu ya kikombe kimoja tu. Povu likapanda hadi likamwagika mezani. Makofi manane, kwisha.

"Umeona, mwanangu?" mwalimu akasema. "Maelezo yako yalikuwa mabovu, na ile arobaini ilikuwa inakuambia hivyo. Ukiibadilisha namba kwa sababu haikupendezi, umemfukuza mwenzako pekee aliyekuwa anakuambia ukweli."

Kezia akamtazama Simioni. Simioni akamsogezea kikombe akioshe, yeye akaosha cha pili.

Walipotoka, Bhoke alikuwa amesimama mlangoni, daftari amelikumbatia kifuani.

"Kezia," akasema polepole, "nisindikize kwa mwalimu. Namba zangu nimetunga zote, naogopa kuingia peke yangu."