Kamba ya Majivu

Siku ya tisa. Jua lilikuwa linazama, na Majivu alikuwa amegoma palepale alipogomea siku nane zilizopita: kwato nne juu ya changarawe, pua zikifoka, na kijito kikipita mbele yake bila habari naye.

"Mbishi wee," Fundi alisema akiuma meno. "Maji ya magoti tu!"

Alikuwa amefunza farasi miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumtoa jasho hivi. Jike huyu alikunywa ndooni vizuri. Aliogeshwa kwa mpira wa maji bila kutikisa sikio. Ila hapa kivukoni, ambapo kaka yake Fundi alizama akiburutwa na Majivu, kamba akiwa amejiviringishia mkononi, hakanyagi. Na kesho asubuhi mchinjaji angekuja. Wifi, mjane wa huyo kaka, alikwisha kuapa: farasi aliyemuua mumewe, na kuvuka hataki, hana cha kumfugia.

Fundi aliingia majini kinyumenyume, akimtazama farasi, kamba ikiwa legevu, kama kaka alivyomfundisha. Hatua moja. Majivu akarudi mbili.

Uvumilivu ukamwishia. Kwa hasira akajiviringishia kamba kiganjani, mizunguko mitatu, kosa ambalo kila mfunza farasi hukatazwa siku ya kwanza. Akavuta.

Masikio ya Majivu yakasimama. Hayakuelekea majini. Yalielekea nyuma ya bega la Fundi.

Fyuu... fyuu...

Mluzi. Mluzi wa chinichini, ule ambao kaka alimbembelezea farasi anywe.

Kisha harufu ya ngozi mbichi na tumbaku...

Fundi alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Kitu cha baridi kilimgusa mkono. Kikafungua mzunguko wa kwanza. Taratibu. Wa pili.

"Mlegezee," sauti ikanong'ona.

Wa tatu.

Majivu akaingia majini kama anayeingia zizini mwake. Akampita Fundi, akapanda ukingo wa pili. Hapo Wifi alikuwa amesimama na taa. Alikuwa amevuka kwa daraja la ubao kuja kuhakikisha kama farasi atavuka.

Fundi alicheka, akalia, akayapiga maji kofi. "Umeona? Amevuka! Mchinjaji abaki kwake!"

"Nimeona," Wifi akasema kwa sauti ndogo. "Lakini wifi yangu... hiyo kamba umempa nani ashike?"

Kamba ilikuwa imekazwa mbele ya farasi, imenyooka hewani, kwenye kimo cha mkono wa mtu mrefu.

Mchinjaji alirudishwa. Siku hizi Majivu huvuka bila kusukumwa, na Wifi hamtaji tena kwa ubaya. Fundi ameacha kumfunga jioni. Kila asubuhi humkuta amekwisha kufungwa, kamba ikichuruzika maji, kwa fundo ambalo kaka alikufa bila kumfundisha. Amelihangaikia hadi kucha zimekatika. Hulikata kwa kisu, akitukana.

Na kesho yake, kamba ni ileile. Nzima.