Mzigo wa Karani

Mbwa ndiye aliyeanza. Aliingia ukumbi wa stesheni wakati wanaoshuka na wanaopanda wanasukumana, akakatiza katikati ya masanduku na mikokoteni huku akiburuta kipande cha kamba kilichokatika. Akampita askari miguuni, akaenda kujibanza chini ya cherehani ya mwanamke aliyekuwa akishona mikoba kwenye kibanda cha pembeni. Pale akakaa wima, masikio juu, akamtazama mwenye kibanda kama mtu anayesubiri kuoneshwa stakabadhi.

"Sasa huyu ni mbwa au karani?" mwanamke akasema peke yake.

"Karani ndilo jina lake. Nani kakuambia?"

Aliyejibu alikuwa amefika akihema. Mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni, grisi kwenye vifundo vya mikono lakini kola ya shati nyeupe pe.

"Uso wake ndio umeniambia," akasema yule mwanamke, fundi wa mikoba. Alivaa gauni la kijani lililomkaa kiunoni, utepe wa kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani. Aliokota ile kamba akaigeuza. "Na hii imeniambia habari zako. Unasafiri na mbwa umemfunga shingoni kwa kamba ya kuanikia nguo?"

"Ilikuwa imara jana."

"Jana ilikuwa na mashati. Lete huo mzigo wake niuone."

Mwanamume, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za majengo katika mji huu na miji ya mbali, alitoa mfuko wa nailoni kwa aibu. Ndani mlikuwa na mkate mkavu, sahani nzito ya bati na sweta kuukuu la kijivu, mkono mmoja umechanika unaning'inia.

"Hili nalo la nini? La kupigia deki?"

Mwanamume alilichukua mkononi mwa fundi. Hakumnyang'anya, ila alilichukua. "Hili halifuliwi wala halitupwi. Analilalia. Siku nilipolisahau, alilia usiku kucha, wageni wa hoteli wakanigongea mlango mmoja baada ya mwingine."

"Basi hapo tu umefanya la maana," akasema fundi. "Mbwa akiwa ugenini anatulizwa na pua yake. Mengine yote umekosea. Keti."

Akampima Karani kifua na mgongo, akamkatia mshipi wa ngozi wa kuvaa kifuani, ili akivutwa asikabwe koo. Kwa ndani, mahali pa kifua, alitaka kitambaa laini, na vitambaa vyake vyote siku hiyo vilikuwa turubai. Mwanamume alilitazama lile sweta kwa muda. Kisha akaung'oa ule mkono uliochanika, akampa. Fundi akaukunja, akaufunika kwa ngozi juu na chini, akashona mishono miwili sambamba.

"Huu haufumuki mpaka niufumue mimi mwenyewe," akajisifu.

"Basi nitakuwa nakuja kuukagua," akasema mwenye mbwa, na fundi akainamia uzi wake ili asionekane anacheka.

Alikuja kweli kuukagua. Alikuja mpaka muuza maua wa kibanda cha pili akaanza kumwita shemeji. Fundi alimshonea Karani begi zima la safari: bakuli la turubai la kukunja, mfuko wa zipu wa chakula kilichokwisha kupimwa, mahali pa chupa, mahali pa taulo, kimfuko cha kuokotea uchafu, na kibati cha shingoni chenye namba ya simu. Na kila mara mwanamume alipokuwa safarini, simu ililia jioni.

"Bi Uzi wangu."

"Maji umempa ya nyumbani? Usimpe ya hotelini, tumbo litamsokota akuaibishe kwenye lifti ya watu."

"Nimempa ya nyumbani. Mbona mimi huniulizi nimekunywa nini?"

"Wewe una mikono, jihudumie."

"Mikono ninayo, ila imezoea kushika ya mtu."

"Kapandishe lifti yako huko, bwana," na simu ingeendelea hadi betri ilalamike.

Jambo moja tu lilikuwa halizungumziki. Fundi alipomuuliza mwanamume alikomtoa Karani, alijibu, "Niliachiwa," akageuza maneno. Fundi akaona ni mtu asiyependa kusimulia ya kwao, akamwacha.

Kisha safari zikapungua, na hata kibandani hakuja. Alisema ana mambo ya nyumbani. Siku moja mchana fundi alitoka kupeleka mkoba wa mteja katika mtaa wa maduka, akapita mbele ya mgahawa wenye kioo kikubwa. Ndani alimwona mpenzi wake, kashika mkono wa mwanamke aliyevaa gauni la njano, nywele zimebanwa vizuri nyuma, shingo ndefu kama ya picha. Na Karani, ambaye hakuwahi kumwekea mtu kichwa mapajani, hata yeye aliyemshonea dunia nzima, alikuwa amekilaza kichwa chake kwenye ile njano na amefumba macho.

Ule mkono ulimchoma. Lakini mbwa ndiye aliyemmaliza.

"Muulize," akasema muuza maua aliposimuliwa. "Mpigie sasa hivi, muulize huyo ni nani."

"Nimuulize? Mimi ni polisi?"

"Sasa utafanya nini, shoga yangu?"

"Atanitambua," akasema fundi. Akapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu. Muuza maua aliogopa zaidi kwa hilo.

Simu ililia jioni ile, akaiacha. Ikalia kesho yake, akaifunika kwa kipande cha turubai. Alipokuja kuipokea, sauti yake ilikuwa ya kuongea na mteja.

"Bi Uzi, umeninunia?"

"Nina kazi nyingi."

"Na mimi nakuongezea. Karani ana safari, ndefu kuliko zote alizokwenda. Nataka umpangie mzigo wake wewe, kama unavyojua. Mengine nitakueleza ana kwa ana, si maneno ya simu."

"Lete begi," akasema, akakata.

Alipomwona anakuja nalo, alijificha nyuma ya maua ya shoga yake. Mwanamume akaliacha pale, akageuka mara mbili kutazama kile kibanda kitupu, akaenda zake. Fundi alipomtazama mgongo alikaribia kumwita. Akaikumbuka njano, akajiuma mdomo.

Nyumbani alilimwaga begi juu ya kitanda. Kwanza alikusudia kupanga hovyo: chupa isiyofungika, chakula pungufu, bakuli lenye tundu. Lakini mikono yake haikuwahi kufanya kazi mbaya, ikamkatalia. Ilipanga maji ya kutosha, ikakunja taulo, ikaweka cheti cha chanjo mfuko wa juu ili mkaguzi wa treni asimcheleweshe mtu. Kila kitu kikakaa mahali pake. Likabaki sweta.

Alilibeba hadi jikoni. Kisha akachemsha maji.

Alilifua kwa sabuni ya unga, akalisuuza, akalifua tena. Maji ya kwanza yalitoka kama ya mtaro, ya mwisho kama ya kunywa. Akalianika juani, akalipiga pasi likanyooka kama jipya, akalinyunyizia manukato yake mwenyewe, yale aliyokuwa akijipaka wakikutana. Akaona amepata. Karani atapanda treni aililie harufu yake mpaka behewa zima limsikie. Yule wa njano, ambaye bila shaka ndiye wa kusafiri naye, atakosa usingizi. Na huyo bwana kila akifungua begi atanusa mtu aliyemdhania mjinga.

"Walale sasa," akasema, akafunga zipu.

Siku ya safari alikuja kazini na gauni jekundu, viatu virefu, midomo imekolezwa. Hakushona kitu. Alikaa amekunja nne, begi la Karani miguuni, akisubiri kutazamwa.

Wakaja watatu: mwanamume, mbwa, na gauni la njano. Mwanamume alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimpandisha fundi hasira mpaka masikioni.

"Nilitaka mjuane mapema," akasema, "ukawa hushiki simu. Huyu ni shemeji yangu. Mke wa marehemu kaka yangu. Karani alikuwa wa kaka. Alipofariki, shemeji hakuweza hata kumtazama huyu mbwa, nikamchukua mimi. Sasa anarudi kwa wazazi wake, na anasema anaweza kwenda naye."

"Nimesikia mengi juu yako, dada," akasema mwanamke wa njano. Kwa karibu macho yake yalikuwa yamechoka. "Umemtunza kuliko mtoto. Shemeji, naweza kulifungua begi? Nataka kulinusa tu sweta la mume wangu kabla hatujapanda. Nimelikimbia muda wote huu, leo nataka."

Fundi akanyoosha mkono kulizuia begi, akachelewa.

Mjane alipiga magoti, akavuta zipu, akalitoa sweta. Alilileta usoni kwa mikono miwili. Likakaa hapo, kisha likashuka.

"Limefuliwa," akasema, kwa sauti ndogo, kama anayewapa taarifa.

Karani aliinua pua akalikagua. Akaligeuzia mgongo, akakaa akitazama ukuta.

Mwanamume alilitazama sweta lililopigwa pasi. Akanusa manukato anayoyajua. Akalitazama gauni jekundu, ile midomo, vile viatu, na kidogo kidogo uso wake ukaelewa.

"Umelifua wewe."

"Nilidhani ni lako."

"Na huyu ulidhani ni nani?"

Fundi akalitazama gauni la njano.

"Nilikuwa siwezi kumtaja," akasema mwanamume. "Hilo kosa langu, nalijua. Lakini ungeniuliza. Ulitaka kuniadhibu mimi, ukamfua marehemu."

Kipaza sauti kikatangaza treni. Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Macho yake yalitua kwenye kifua cha Karani, juu ya ile mishono miwili sambamba. Alipiga magoti na gauni lake jekundu kwenye sakafu ya stesheni.

"Karani. Njoo hapa, bwana mkubwa."

Mbwa akaja. Akamvua mshipi, akatia ncha ya mkasi, akaufumua ule mshono aliojisifia, uzi baada ya uzi, mpaka ngozi ikafunguka. Akatoa kipande cha kijivu kilichokunjwa, kilichofubaa, ambacho hakikuwahi kuona maji tangu siku kilipong'olewa.

"Ni mkono wake," akasema. "Sijaufua."

Mjane alikileta usoni. Safari hii hakikushuka. Mabega yake yalitikisika bila sauti, na Karani akasogea, akapenyeza pua katikati ya vidole vyake, mkia ukipiga sakafu taratibu.

"Yupo," mjane akasema ndani ya kitambaa. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, lakini haukuwa laini. "Kirudishe ulikokitoa. Ushone hapa hapa, nikikuona."

Fundi akashona, mjane amesimama juu yake kama msimamizi. Hakuna mteja aliyewahi kumsimamia namna ile. Alipokata uzi, mjane alivuta mshipi kwa nguvu kuupima, akamvalisha mbwa.

"Pengine mimi ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo," akasema. "Lakini leo sikusamehe."

"Sawa, dada."

Treni ikaondoka nao. Mwanamume alisimama mpaka behewa la mwisho likapotea, sweta safi begani. Kisha akapita mbele ya kibanda bila kugeuza shingo.

Ikawa zamu ya fundi kupiga simu na kuisikiliza ikilia upande wa pili hadi ikatike. Dawa aliyoichanganya akainywa mwenyewe, asubuhi na jioni. Muuza maua alimletea maua yaliyobaki.

Mchana mmoja mtu aliketi kwenye kigoda cha wateja. Alivaa ovaroli, na juu yake sweta la kijivu lenye mkono mmoja tu.

"Shemeji amepiga simu," akasema. "Karani analala vizuri. Yeye pia. Amesema mshono unashika."

Fundi aliliangalia lile sweta. "Unachekesha, umevaaje hivyo?"

"Linanukia wewe. Nimejaribu kulichukia, nimeshindwa." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya treni. "Nimekuja kukuadhibu."

"Ninastahili."

"Nikikuoa, nguo zangu hutazigusa. Hata soksi. Nafua mwenyewe mpaka tuzeeke."

"Hiyo ndiyo adhabu?"

"Nusu. Nusu ya pili, ukiwa na swali utaniuliza mdomoni. Hata kama niko juu ndani ya lifti iliyokwama."

Fundi alishusha mguu kwenye kanyagio la cherehani, akauondoa. "Nakubali. Lakini na wewe una yako. Utanisimulia habari za kaka yako. Zote, na unaanza leo."

Mwanamume alitazama upande wa reli. Watu walipita na masanduku yao. Fundi aliifunika cherehani, akakunja mikono mapajani.

"Alikuwa anapiga mluzi vibaya," mwanamume akaanza. "Vibaya mno. Karani peke yake ndiye aliyekuwa akiitika."