Aliniweka Niwe Elizabeti

Padri Corentin alivuta kamba, shuka lililofunika picha mpya likaanguka, na kanisa zima likainua shingo.

Azenor alikaa benchi la mbele na gauni jipya, nywele amezisuka kama siku ya harusi yake. Majira yote ya baridi alipiga magoti kwenye sakafu ya mawe ya banda la kuchorea la mumewe, Gwendal, akiamini anachorwa kama Bikira Maria. Picha ilikuwa ya Maria kumtembelea Elizabeti, na kijiji chao cha Bretania, Ufaransa, kiliiagiza kwa sikukuu ya mtakatifu wao. Gwendal hakumruhusu aione. Kila jioni aliigeuza itazame ukuta, akimwambia ataiona na wenzake.

Sasa aliiona. Maria alisimama kituo cha basi cha pale kijijini, kavaa koti la mvua la njano. Uso wake ulikuwa uso wa Katell, binti wa mwenyekiti wa kamati ya kanisa, anayesoma chuo mjini Rennes, ambaye hajaonekana kijijini tangu Krismasi. Koti lilikuwa wazi, tumbo limejaa. Na Elizabeti, yule kizee aliyepiga magoti kumpokea, shingo imejaa mikunjo, mwanamke aliyekosa mtoto mpaka uzeeni, huyo ndiye alikuwa Azenor.

Azenor, ambaye alizunguka hospitali na Gwendal miaka na miaka wakitafuta mtoto, mpaka wakaacha kulizungumzia jambo hilo.

Mama mkwe wake, Soizic, alimwinamia sikioni.

"Angalau pua yako ameipatia."

Azenor akainuka, akamshika Gwendal mkono, akamtoa nje mbele ya watu wote. Mvua ilikuwa imeanza.

"Tumbo lile ni la nani?"

"La Maria. Azenor, ile ni sanaa, usilete mambo ya—"

"Nimekuuliza tumbo ni la nani."

"Nimelibuni tu kichwani."

Azenor akacheka, kicheko kibaya.

"Wewe? Ulimwacha samaki mezani kwangu mpaka akaoza kwa sababu huwezi kuchora jicho lake bila kuliona. Ulimfunga mbuzi wa jirani sebuleni kwangu. Kijiji kizima kinajua huchori kitu ambacho hakiko mbele yako. Tumbo lile lilisimama mbele yako, Gwendal. Lini? Nilipokuwa kazini nasafisha chaza na mikono inakatika kwa baridi?"

Gwendal akatazama viatu vyake. Mlango wa kanisa ukafunguka, msafara wa sikukuu ukatoka na bendera, watu wakiimba huku wanawatazama wao. Mwenyekiti hakuimba. Alipita mbio, simu sikioni, uso mwekundu.

"Ilitokea tu," Gwendal akasema kwa sauti ya chini. "Na mtoto sina hakika kama ni wangu."

"Tumbo una hakika nalo mpaka ukalitundika kanisani. Mtoto huna hakika naye."

Hapo simu ya Azenor ikatetema. Ujumbe:

"Dada Azenor, ni Katell. Nimetumiwa ile picha. Gwendal aliniambia mmeachana mwaka jana, akaniita leo anitambulishe kwa watu. Nimempigia hapokei. Baba kaniambia nisikanyage kwake. Niko kituo cha basi. Nisamehe."

Azenor aliusoma mara mbili. Akampa Gwendal naye ausome, akaichukua simu yake, akaenda kwenye gari. Njiani alipiga usukani kwa ngumi mpaka mkono ukauma.

Katell alikuwa pale pale, na lile koti la njano, ameloa mpaka ndani. Alipoliona gari akarudi nyuma.

"Dada, kama unataka kunipiga, nipige."

"Ningetaka ungekuwa umeshapigwa. Ingia."

"Unanipeleka wapi?"

"Kwangu. Nyumba ni ya marehemu baba yangu, si ya yule. Utakausha nguo, utakula, kesho nitazungumza na baba yako."

"Asante, da—"

"Usinishukuru. Sijakusamehe. Nina hasira na wewe hata sasa hivi. Funga mkanda, upitishe chini ya tumbo."

Katell akalia kimya, akafunga mkanda kama alivyoambiwa. Azenor akaondoa gari. Mbele ya kanisa alimwona Gwendal peke yake ngazini, nywele zimemganda usoni. Hakupunguza mwendo.

Simu ikaita. Akaiweka kwenye spika ili Katell naye asikie.

"Azenor, umenipita. Rudi unichukue, twende nyumbani tuongee kama watu wazima. Nitalala wapi mimi?"

"Lala humo kanisani," Azenor akasema. "Mimi na Katell tupo ukutani. Tutazame vizuri, maana ndiyo mara ya mwisho."

Akakata.