Udongo wa Paa la Bibi Raheli

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Eliana alikuwa ameshamaliza kazi tatu: kufagia uwanja, kuwafungulia kuku, na kumpelekea bibi yake uji wa uwele. Mgongo wa Bibi Raheli ulikuwa umechoka. Akiinama, kuinuka ni shughuli. Kazi zikiisha, Eliana alivaa sare, akabeba daftari zake, akateremka shuleni kwa njia inayopita chini ya tuta la bwawa.

Kijiji chao cha Itimba, upande wa Ikungi, kilikuwa na bwawa dogo la udongo. Usidhani lilikuwa bwawa la kujivunia. Wakati wa kiangazi ungeweza kulivuka katikati bila kulowa kisigino. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuyashika maji ya mvua yanayoporomoka kutoka vilimani, yakae kwanza nyuma ya tuta, kisha yatoke polepole kwa mfereji wa pembeni. Kabla tuta halijajengwa, maji yalikuwa yakishuka kwa mkupuo hadi kitongoji cha Bondeni. Mwaka mmoja yalimchukua mtoto wa miaka miwili, mdogo wake Sikudhani, na hakuonekana tena. Ndipo kijiji kizima kiliposhika majembe na kulijenga.

Sikudhani huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa Eliana. Walikaa dawati moja darasa la sita, na penseli ya mmoja ilikuwa ya wote.

Tuta lilikuwa na mlinzi, Mzee Filipo, mtu mrefu asiye na maneno mengi, mwenye filimbi shingoni. Sheria zake kila mtoto alizijua. Mifugo isipande juu ya tuta, mtu asikate njia hapo, na jembe lisiguse udongo wake. Alitoka pale siku ya Jumamosi tu, alipokwenda mnadani.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kujikusanya. Bibi Raheli aliishi kwenye tembe, nyumba ya kwao ya tangu zamani, yenye paa bapa la udongo. Paa la tembe ni lazima liongezewe udongo mpya kabla ya mvua, la sivyo mnalala mkihamisha vitanda. Udongo unaofaa ni wa vichuguu, na vichuguu vilikuwa Mlimani, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi.

"Ndoo thelathini zitatosha," Bibi alisema. "Usikimbilie. Hata ukileta tatu kwa siku, tutafika."

Siku nne za kwanza Eliana alikwenda Mlimani kweli. Shingo ilimuuma, na ndoo zilizofika zilikuwa kumi na mbili. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Alipita chini ya tuta na jembe na ndoo tupu, akaona jinsi udongo wake ulivyokuwa mzito, laini, usio na kokoto. Mzee Filipo alikuwa mnadani. Upande wa chini, nyuma ya kichaka cha minyaa, hapakuonekana kutoka njiani.

"Tuta lote hili," alijiambia, "ndoo mbili zitalipunguzia nini?"

Zikawa mbili, zikawa tano. Kufikia jioni zilikuwa kumi na nane, na shimo lilimeza mkono wake mpaka begani. Alilijaza majani makavu na matawi, akarudishia udongo kidogo kwa juu, akaenda zake.

Bibi Raheli aliufinyanga udongo ule kwa vidole, akautazama. "Huu mzuri kuliko wa mwaka jana. Umeutoa wapi?"

"Vichuguuni, Bibi."

"Mungu akubariki, mjukuu wangu. Umenitoa aibu."

Eliana aliinamisha uso. Sifa ile ilimchoma, lakini aliimeza.

Mvua kubwa zilikuja Januari. Kwa Bibi Raheli halikudondoka hata tone. Eliana alilala kitanda kikavu, akisikiliza maji yakipiga paa, na kila tone lilimkumbusha shimo lake.

Jumanne asubuhi Mzee Filipo aliingia darasani, kofia mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Wanafunzi walisimama, wakaamkia. Aliitikia, kisha akasema, "Tuta linavuja upande wa chini. Maji bado ni meupe, yaani hayajaanza kula udongo. Tumechimbua pale yanapotokea, hatukuona kitu. Nyie ndio mnaozunguka huko. Kama kuna aliyeona shimo, la nungunungu au la nini, aniambie. Sitamchapa mtu."

Eliana aliona picha ya Bibi akiinamisha kichwa mbele ya watu, akafunga mdomo.

"Ungekuwa umeona ungesema, si ndiyo?" Sikudhani alimnong'oneza. "Usiku baba halali. Anakwenda kusimika fimbo kwenye maji aone yamepanda kiasi gani."

"Sijaona," Eliana alisema.

Jumatano ilipita. Alhamisi ulifanyika mkutano chini ya mvua ya rasharasha, na Mwenyekiti wa kijiji, Gervas, akamsimamisha Mzee Filipo mbele ya wote. Alisema ni uzembe, kwamba mzee ameachia mbuzi wakalikanyaga tuta wakati yeye yuko mnadani. Mzee Filipo alivua filimbi, akaiweka mezani, akaondoka akitembea polepole. Eliana alimwona kwa macho yake, na bado hakusema. Ndivyo uongo unavyokuwa: ukishauweka siku ya kwanza, siku ya pili unakudai uulinde.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Darasani, Sikudhani alikuwa na kifurushi miguuni. Ndani kulikuwa na daftari zake zote, kanga ya mama yake, na kiatu kimoja kidogo cha mtoto.

"Mama amesema nitembee navyo, maji yasije yakavichukua," alieleza. "Kiatu ni cha mdogo wangu. Ndicho tulichobaki nacho."

Eliana alikitazama kile kiatu. Hakuomba hata ruhusa. Alitoka mbio kwenye mvua mpaka nyumbani kwa Mzee Filipo, akamkuta amekaa mlangoni akitazama upande wa tuta.

"Ni mimi, babu," alisema, na machozi yakamtangulia. "Nilichota udongo wa paa la Bibi. Nyuma ya minyaa. Nikaziba kwa majani."

Mzee Filipo aliinuka. Hakumpigia kelele. "Shimo lina kina gani?"

Eliana alionyesha begani.

Uso wa mzee ulibadilika. "Kimbia Bondeni. Kila nyumba uwaambie watoke sasa hivi, wasibebe kitu. Sema nimesema mimi."

Eliana alikimbia. Alipiga hodi kila mlango, sauti ikikauka, naye Mzee Filipo akawaita wanaume kwa ngoma ya bati. Walifika na viroba vya mchanga wakavirundika penye minyaa, lakini maji yaliyotoka pale yalikuwa yameshageuka rangi ya chai ya maziwa. Walishikilia kwa saa moja hivi. Saa moja hiyo ndiyo iliyowatoa watu wa Bondeni, wazee wakibebwa migongoni na watoto wakivutwa mikono.

Kisha tuta lilikatika. Udongo ulimporomokea Mzee Filipo ukamvunja mguu, wenzake wakamvuta. Maji yalishuka Bondeni yakachukua nyumba tisa, mbuzi waliokuwa zizini, na mashamba yote ya mtama. Hakufa mtu. Lakini kina mama walisimama kilimani wakilia kwa sauti moja, na Sikudhani, aliyekwisha kusikia habari za shimo, alimtazama Eliana mara moja tu, akageuza uso. Wiki ile ile alipelekwa Mwankoko kwa shangazi yake, na nafasi yake kwenye dawati haikukaliwa na mtu.

Eliana alimweleza Bibi Raheli kila kitu. Bibi alizungumza Kinyaturu tu, kama alivyofanya akiwa na uchungu. Alikwenda mwenyewe, na mgongo wake ule, kumwomba Mzee Filipo radhi, halafu akamwomba kila mama wa Bondeni.

Mvua zilipoisha, kijiji kilianza kulijenga tuta upya. Siku ya kwanza ya kazi, Bibi Raheli aliegemeza ngazi ukutani.

"Panda," alisema. "Ukwangue udongo wote ulioutoa kule. Si wetu."

"Bibi, paa litabaki wazi."

"Libaki. Mlimani kuna vichuguu, na njia unaijua."

Eliana alikwangua. Alijaza ndoo, akajitwisha, akashuka hadi tutani mbele za watu wote. Alirudi tena, na tena. Hakuna aliyemcheka wala aliyemsaidia. Ndoo ya kumi na nane aliimwaga miguuni pa Mzee Filipo, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe, mguu umenyooka, filimbi imerudi shingoni. Mwenyekiti Gervas mwenyewe ndiye aliyeirudisha.

"Nisamehe, babu."

"Kaa," alisema mzee, naye Eliana akakaa. "Kuchota udongo lilikuwa kosa la mtoto aliyechoka. Hilo ningelisahau. Jumanne niliposimama darasani kwenu, shimo lako lingezibwa kwa ndoo hizi kumi na nane. Ijumaa lilishindikana kwa viroba mia mbili. Tuta halikubomolewa na jembe lako, Eliana. Limebomolewa na siku tatu ulizonyamaza. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, wakati kosa bado linabebeka kichwani."

Mzee Filipo alimkabidhi gogo la kushindilia. Eliana alilishika kwa mikono miwili, akaanza kuutwanga udongo wa paa la bibi yake, mpaka usitofautishike tena na udongo mwingine.